Siti binti Saad na Sauti ya Pili: Ukurasa Uliosahauliwa wa Mwaka 1928

Mwaka 1928 Kiswahili cha Unguja kilichaguliwa mara mbili. Kilichaguliwa Mombasa, katika mkutano wa wawakilishi wa serikali na wa misheni, walioamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili Sanifu cha shule na vitabu katika Afrika Mashariki. Kikachaguliwa tena Bombay, katika chumba cha kunasia sauti cha kampuni ya Gramophone, ile yenye alama ya mbwa asikilizaye santuri, wakati mwimbaji wa Unguja aitwaye Siti binti Saad, pamoja na wenzake, walipotia nyimbo zao katika sahani. Uamuzi wa Mombasa hausahauliki katika vitabu vya historia ya lugha yetu, na wanafunzi huukariri mwaka baada ya mwaka. Safari ya Bombay imeachiwa wapenzi wa taarabu. Kusudi la makala hii ni kuonyesha kwamba mambo hayo mawili ni ya historia moja, na kwamba mwanaisimu asomaye la kwanza bila ya la pili amesoma nusu.

Nusu hiyo iliyoachwa ina jambo lake la pekee. Mkutano wa Mombasa ulichagua lugha ya kuandikwa, yaani lugha ya mtu mmoja asemaye na msomaji asiyemwona. Sahani za Bombay zilihifadhi lugha ya watu wanaosikilizana: mmoja huimba na mwingine hupokea, mwanamke hunena na mwanamume humjibu. Siti tumemfanya nyota ya pekee mbinguni. Sanaa yake hasa ilikuwa sanaa ya kujibizana, na bila ya sauti ya pili hatuwezi kuieleza.

Asili na makuzi

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, kadiri ya mwaka 1880, katika jamaa ya watu wenye asili ya bara na ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na jina hilo peke yake latosha kueleza daraja aliyowekewa na ulimwengu wa siku zile. Hakupata elimu ya shule. Kazi aliyojifunza nyumbani ilikuwa ufinyanzi, na vyungu alivyofinyanga alivichukua kichwani mpaka mjini kuviuza, akiinadi bidhaa yake kwa sauti. Yasimuliwa kwamba wateja walianza kuijua sauti hiyo kabla ya kuuona uso wake.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsini, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsini alimfundisha muziki na matamshi ya Kiarabu, kwa maana taarabu ya wakati huo ilikuwa bado ni sanaa ya Kiarabu. Ililetwa katika kasri ya Seyyid Barghash, aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza, na wapigaji na wasikilizaji wake walikuwa wanaume. Mwanamke wa shamba, mwenye jina la Mtumwa, aliingia katika sanaa hiyo akiwa mgeni mara tatu: kwa jinsia yake, kwa nasaba yake, na kwa lugha yake.

Ugeni huo hakuuficha, bali aliufanya mtaji. Kiarabu alikiimba, na aliimba mbele ya wakubwa. Lakini umaarufu wake ulikua kwa kuimba Kiswahili, mbele ya watu wa Ng'ambo, upande wa mji uliokaliwa na wachukuzi, wafua nguo, mafundi na wapishi, wengi wao wana au wajukuu wa watumwa. Jina la Mtumwa likafunikwa na jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima. Walikuwapo walioudhika na kupanda kwake. Beti zilitungwa za kumkumbusha alikotoka na kumwuliza tangu lini amekuwa mtu, naye alizijibu kwa wimbo. Twalitia alama jambo hili mapema, kwa sababu ni kielelezo cha kazi yake yote: tusi lilikuja kwa wimbo, na jawabu likarudi kwa wimbo, na watu wakawa waamuzi.

Wenzake

Wanaomtaja Siti huwasahau upesi watu waliokaa naye jukwaani. Miongoni mwao walikuwamo Subeti bin Ambari, mpiga udi, Mbaruku, aliyetoka Mombasa, Buda, na Maalimu Shaabani. Watu hawa hawakuwa watumishi wa mwimbaji. Habari zilizopokewa kwa wazee wa Ng'ambo zasema kwamba nyimbo nyingi zilitungwa kwa pamoja. Habari ya mtaani ililetwa barazani, mmoja akatoa ubeti, mwingine akaurekebisha, nao wasikilizaji wa mazoezi wakasema waziwazi lipi limekaa na lipi limepinda. Katika baadhi ya sahani sauti ya Siti husikika pamoja na sauti ya mwenzake wa kiume, hasa Maalimu Shaabani, mmoja akipokea pale mwenzake alipoachia.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatashangazwa na mpango huo. Kujibizana ni mhimili wa kale wa ushairi wetu. Mapema katika karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walishindana kwa mashairi wakati miji yao ilipokuwa katika uhasama, na shairi la mmoja halikamiliki katika maana yake bila ya la mwenziwe. Baadaye, bara, Mathias Mnyampala aliutia mtindo huo katika ngonjera, akaufanya chombo cha mafundisho ya siasa na malezi. Kati ya Muyaka na Mnyampala pana pengo la zaidi ya miaka mia moja, na wanahistoria wa fasihi hulivuka kwa hatua moja. Sahani za Siti na wenzake zimo ndani ya pengo hilo. Zaonyesha kwamba katika miaka ya 1920 kujibizana kulikuwa bado kazi hai ya mjini, na kwamba mmoja wa wanaojibizana aliweza kuwa mwanamke, mbele ya hadhara iliyochanganyika.

Lahaja mbili katika sahani moja

Hapa ndipo mwanaisimu apaswapo kuinua sikio. Katika kubishana juu ya lahaja ya kusanifishwa, hoja kubwa ilikuwa kati ya Kimvita na Kiunguja. Wamisheni wa Mombasa walikuwa na maandishi yao ya Kimvita na urithi wa washairi wa pwani ya kaskazini. Wamisheni wa Unguja walikuwa na maandishi yao ya Kiunguja, na lahaja hiyo ndiyo iliyokwisha kusambaa bara kwa njia za misafara. Ilibidi moja ishinde. Katika shule ya serikali mtoto hakuweza kufundishwa kwamba macho ni *macho* na pia *mato*, wala kwamba njia ni *njia* na pia *ndia*.

Jukwaani hapakuwa na haja ya mshindi. Mbaruku alikuwa mtu wa Mombasa, na Siti mtu wa Unguja. Walipoketi pamoja, mtu wa Kimvita na mtu wa Kiunguja waliketi pamoja. Isitoshe, mtunzi yeyote wa Unguja alikuwa na ruhusa ya kale ya kuazima maumbo ya kaskazini pale mizani au vina vilipomdai, kwa maana lugha ya ushairi ilikuwa imechanganyika tangu zamani. Kwa hiyo nyimbo za Ng'ambo hazikuwa Kiunguja kitupu cha kamusi. Ndani yake mlikuwamo Kiunguja cha mjini, urithi wa ushairi wa Mombasa na Lamu, maneno ya Kiarabu yaliyokwisha kutoholewa, na msamiati wa watu waliotoka bara na vizazi vyao.

Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ambayo vyuo vyetu vya uchunguzi ni warithi wake, ilifanya kazi ya lazima na ya heshima. Ilisawazisha tahajia, ikatunga kamusi, ikapitisha vitabu. Lakini kanuni yake ilikuwa kalamu, na walioshika kalamu hiyo mwanzoni walikuwa maofisa na wamisheni wa Kizungu. Mwanamke wa Fumba asiyesoma hakuwa na kiti mezani pao. Ajabu ni kwamba wakati huohuo sauti yake ilikuwa ikiingia nyumba ambazo vitabu vya Kamati vilikuwa havijafika. Sahani haikumtaka msikilizaji ajue kusoma. Ilitaka santuri moja tu katika mkahawa mmoja, na mtaa mzima ukasikia. Ikiwa swali letu ni jinsi Kiunguja kilivyopata kupendwa, na si jinsi kilivyoamriwa tu, basi ushahidi wa sahani hauwezi kuwekwa kando.

Wimbo kuwa baraza ya hukumu

Katika nyimbo zake iliyo mashuhuri kuliko zote ni *Kijiti*. Kisa chake kilitokea Unguja. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa matembezini, akatendwa maovu na kuuawa. Mtuhumiwa, ambaye jina lake ndilo la wimbo, alikimbilia bara, na mkono wa sheria haukumfika. Badala yake wanawake waliosimama kuwa mashahidi ndio waliopata adhabu. Wimbo ulichukua habari hiyo kutoka mahakamani, ambako lugha ya hukumu haikuwa lugha ya watu, ukairudisha barazani, ambako kila mtu aliweza kuipima.

Kwa mchunguzi wa lugha *Kijiti* ni hazina kwa sababu mbili. Kwanza, msamiati wake ni wa maisha ya kila siku, nao mara chache hupatikana katika maandishi ya miaka ile, ambayo zaidi yalikuwa ya dini, ya shule au ya serikali. Pili, msemaji wa wimbo si mmoja. Wahusika hutajwa, husemeshwa, hulaumiwa na kuhurumiwa, na msikilizaji hupewa nafasi ya mwamuzi. Tukitaka kujua jinsi watu wa Unguja wa miaka ya 1920 walivyosema juu ya haki, ulevi, ugeni na aibu, majalada ya mahakama yatatupa tafsiri ya Kiingereza; wimbo utatupa maneno yenyewe.

Mfano wa mbali

Ili tuone uzito wa sauti ya pili, inafaa kulinganisha na nchi nyingine iliyonaswa nyimbo zake katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1927, katika mji wa Bristol huko Tennessee, kampuni ya Victor, ndugu wa ile ya Gramophone na yenye alama ileile ya mbwa, ilinasa sauti za jamaa ya Carter: Sara, mumewe A. P. Carter, na Maybelle. Hao huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa muziki wa kantri wa Marekani. Sauti iliyoongoza ilikuwa ya Sara, lakini jina lililoandikwa kwenye nyimbo kama mtunzi, mara nyingi, lilikuwa la mwanamume.

Miaka arobaini baadaye, mwaka 1967, Dolly Parton aliingia katika kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, na kwa miaka saba walijulikana kwa nyimbo za wawili. Katika mpango huo mwanamke alikuwa ni yule wa pili: kipindi kilikuwa cha mwanamume, na yeye alialikwa. Alipoondoka mwaka 1974 ilibidi aage kwa wimbo, *I Will Always Love You*, na tangu hapo akahesabiwa mwimbaji kamili peke yake. Hata hivyo, wapenzi wengi wa Afrika Mashariki, ambao redio iliwazoesha muziki huo, walimjua vizuri zaidi aliporudi kuimba na mwanamume, yaani Kenny Rogers, mwaka 1983.

Kwa Siti mambo yaligeuka. Kwake jina la kikundi lilikuwa jina la mwanamke, na sauti za wanaume ndizo zilizokuwa za pili. Hilo lilikuwa jambo kubwa mahali pale na wakati ule. Lakini historia imelipa kwa upotovu wa namna nyingine. Marekani mwanamke wa nyimbo za wawili alihesabiwa nusu ya jozi. Kwetu Siti amehesabiwa mmoja asiye na jozi. Kule walipunguza mtu, huku tumepunguza sanaa.

Morogoro: wito usio na mwitikio

Sahani hazikubaki visiwani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mji huu chini ya milima ya Uluguru ukawa kituo cha wafanyabiashara, vibarua wa mashamba ya mkonge na wasafiri wa bara. Santuri zilikuja kwa njia hiyo, na kampuni ileile iliyomnasa Siti ndiyo iliyoleta, kuanzia mwaka 1933, mfululizo wa sahani za GV zenye muziki wa Kuba. Kijana wa Morogoro, Salum Abdallah, alizisikiliza sahani hizo kwa makini, na mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba. Mshindani wake alikuwa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ambayo baadaye ilimtoa Mbaraka Mwinshehe na kwenda naye Japani katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979, wote wawili kwa ajali ya gari. Sahani zao ziliendeleza kazi ya Siti kwa upande mmoja: zilikifanya Kiswahili lugha ya furaha ya mjini, mbali na pwani, miongoni mwa watu ambao nyumbani walisema Kiluguru, Kikaguru, Kikutu au Kipogoro.

Kwa upande mwingine ziliacha jambo. Majina ambayo Morogoro inayakumbuka kutoka katika bendi hizo ni ya wanaume. Kujibizana kulibaki, lakini mara nyingi kulikuwa kwa sauti za wanaume wawili, au kwa sauti na gitaa. Mwanamke yumo ndani ya nyimbo: huitwa, husifiwa, huombwa, hulaumiwa, jibu lake ndilo lisilosikika. Sababu zake si ngumu kuziona. Kazi ya bendi ilikuwa kazi ya usiku na ya safari, katika kumbi za dansi na vilabu vya pombe, na jamii ilimhukumu mwanamke wa huko kwa ukali kuliko mwanamume.

Hili ni la kutafakariwa zaidi katika nchi hii ya Uluguru, ambako ukoo hufuatwa kwa mama na ardhi hurithiwa kwa njia hiyo, na ambako katika ngoma za wanawake mmoja huanza wimbo na wengine huitikia. Mwanamke wa Kiluguru hakukosa sauti. Alikosa sahani. Tofauti hiyo ni ya muhimu kwa historia ya lugha, kwa sababu kilichotiwa katika sahani ndicho kilichobaki kuwa ushahidi. Mtu atakayetaka kueleza Kiswahili cha mapenzi na ugomvi cha Morogoro ya mwaka 1965 kwa kusikiliza sahani tu, atakuwa na mashtaka bila ya utetezi.

Unguja mambo yalikwenda njia nyingine. Vikundi vya taarabu vya wanawake, kama Nuru l-Uyuni na Sahib l-Ari, vilijibizana kwa nyimbo hadharani, na watu wakafuata ushindani huo kwa hamu. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude na aliyefariki mwaka 2013, alimtaja Siti kuwa ndiye aliyemfungulia njia. Kwa hiyo si kweli kwamba sauti ya mwanamke ilinyamaza baada ya Siti kufariki tarehe 8 Julai 1950. Ilibaki pale ilipokuwa na mtu wa kuijibu.

Wasifu na yaliyobaki

Shaaban Robert alitambua mapema kwamba Siti anastahili kitabu. *Wasifu wa Siti binti Saad* ulipigwa chapa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili, na hivyo yule mwanamke asiyekuwa na kiti mezani pa Kamati alipata kurasa ndani ya jarida lake. Ni kazi nzuri ya nathari, na katika fasihi yetu ni mfano wa awali wa maisha ya mwanamke kuandikwa kwa heshima kamili. Lakini Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa maadili. Alitaka msomaji ajifunze bidii, subira na utu kwa mfano wa mtu mmoja aliyepanda kutoka chini. Kwa kusudi hilo ilimpasa amtenge Siti na kundi, amsimamishe peke yake kama sanamu. Wasifu ulitimiza wajibu wake. Kosa ni letu sisi tulioufanya kuwa mwisho wa uchunguzi.

Baadaye jina la Siti limechukuliwa na wengine kwa haki. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake *Sauti ya Siti*. Ni jina lililochaguliwa vema, maana lataja sauti, si uso wala nasaba. Sisi wa isimu tumekuwa nyuma ya wanahabari katika jambo hili. Twazo kamusi za Kiswahili Sanifu na tafiti za lahaja, lakini bado twahitaji maandiko kamili ya nyimbo za Siti na wenzake, yaliyonakiliwa kwa masikio ya mwanafonetiki, yakionyesha nani anaimba ubeti upi, nani anapokea, wapi matamshi ni ya Unguja na wapi ni ya Mombasa. Sahani za lami hupasuka, na wazee wenye kuelewa vijembe vilivyomo hupungua.

Kazi hiyo ifanywe kwa sauti zote mbili. Anayenakili maneno ya Siti peke yake na kumwacha Maalimu Shaabani atapata maswali bila ya majibu, kama vile anayesoma Muyaka bila ya mpinzani wake. Na akifika katika sahani za Morogoro, ambako sauti ya pili haimo, asidhani kwamba haikuwapo. Aitafute ilikobaki, katika ngoma za wanawake na katika kumbukumbu za waliocheza dansi, kisha aiandike kando ya wimbo uliokuwa ukiiita.